Mtoto Aliyesahau Kupumua

Kule wodini mtoto wetu alikuwa mkubwa. Wenzake wa pembeni walikuwa kama vifaranga waliolowa, ngozi zao nyembamba hadi mishipa ikaonekana, na yeye, baada ya majuma aliyokaa ndani ya lile sanduku la kioo, alikuwa ameshaanza kuota mashavu. Akina mama wengine walikuja kumtazama ili wajipe moyo. Kwa hiyo siku tuliporuhusiwa kumtoa pale hospitalini, kilimani Nsambya, mimi nilijua napeleka dume zima nyumbani.

Tunakaa Luzira, upande wa ziwani. Dada yangu ndiye aliyekuwa akitulindia nyumba na kumlea binti yetu, ambaye hata shule alikuwa hajaanza. Tulipofika, mke wangu alimlaza mtoto kitandani na kufunua shuka. Dada akainama, akatazama. Halafu akaniuliza polepole, "Kaka, ndiye huyu?"

Nami nikatazama. Alikuwa mfupi kuliko mto wa kulalia. Kichwa chake kilitoshea kiganjani, na mkono wake wote haukufika urefu wa kidole changu. Nilipigwa na butwaa, kana kwamba njiani nilibadilishiwa mtoto. Ni yuleyule, lakini kule alipimwa na wadogo wenzake, na hapa alipimwa na mlango, na kiti, na dada yake.

Kumbe mshtuko wa pili ulikuwa umesimama nyuma ya gauni la dada yangu. Mke wangu alipiga magoti akamfungulia binti yetu mikono. Binti hakwenda. Alilivuta lile gauni, akainua uso kwa dada yangu, akasema, "Mama, huyu nani?"

"Mimi shangazi," dada akamwambia haraka. "Mama ndiye huyu, alikuwa hospitali."

Binti akamtazama mama yake kama mtu anayetazama mgeni aliyekuja kuomba maji. Mke wangu akainuka, akapangusa magoti. "Atanizoea tu," alisema, akaenda jikoni.

Tangu mimba ilipoanza kumsumbua hadi tulipomtoa mtoto, mke wangu alikuwa hajalala nyumbani. Watoto hawaruhusiwi wodini, na mimi nilidhani kumwonyesha binti picha za mama kwenye simu kunatosha.

Musawo, ndivyo tunavyomwita muuguzi au daktari hapa Kampala, alituagiza mtoto abebwe kifuani, ngozi kwa ngozi, amefungwa kwa kitenge. Alinifunga yeye mwenyewe mara ya kwanza. "Baba, fungua shati," alisema, nami nikatazama nyuma nione baba gani anaambiwa. Kwetu sisi Wanubi mwanamume hubeba mtoto wake akishaweza kucheka naye. Lakini mke wangu alikuwa amepasuliwa, na kidonda kilikuwa bado kinamsumbua. Nikafungua shati.

Kazi yangu ni kupeleka mboga. Nazichukua soko la Kalerwe alfajiri, nazisambaza kwa wapishi wa mashule, na kabla ya adhuhuri pikapu yangu inakuwa tupu. Siku hizo za kwanza nilimkuta mke wangu amesimama mlangoni akinisubiri. Sijanywa maji, sijanawa vizuri, tayari anafungua kitenge kifuani pake na kumhamishia mtoto kwangu. Kisha anatoka kwenda barazani kukaa na binti yetu, amsuke nywele, amwimbie nyimbo za kwao Bukavu, Kongo, na yule binti anakaa kwa adabu kama yuko kwa jirani.

Nilijiambia amechoka. Siku iliyofuata nikajiambia hivyo hivyo. Maziwa alikuwa akimkamulia yule mdogo kwenye kikombe na kumnywesha tone kwa tone, nguo zake alizifua na kuzipiga pasi hadi za ndani. Ila akishamaliza, anamrudisha kwangu kama kitu cha moto.

Dada yangu naye aliona. Alinivuta pembeni tukiwa uani. "Wifi hamtazami huyu mtoto usoni," alisema. "Anamtazama kifua tu. Akikaa naye hasemi na mtu, hata ukimwita."

"Unataka kusema hampendi?"

"Mimi sisemi. Nakueleza nilichoona."

Maneno hayo yalinikaa vibaya. Huyu ni mwanamke aliyekaa kwenye benchi la mbao majuma yote yale, akilala ameegemea ukuta, akijua kila mlio wa zile mashine. Ningeambiwa na mtu wa nje kwamba hamtaki mtoto wake, tungegombana.

Ijumaa ile nilirudi kutoka msikitini, nikafungwa mtoto wangu kama kawaida. Mke wangu alikaa uani kutwanga sombe, yale majani ya muhogo. Dada alikuwa akianika nguo, na binti yetu akicheza na maganda ya mihogo. Nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha plastiki, jua limenipata magotini, nikimsimulia dada habari za foleni ya Bwaise.

Sikusikia kitu. Ndivyo tu ninavyoweza kueleza. Pale kifuani palikuwa na kile kijoto na kale kamwendo kadogo, juu, chini, juu, chini, ambako nilikuwa nimekazoea hadi nikawa sikafikirii. Kisha kakawa hakapo. Nikainamisha kichwa. Midomo yake ilikuwa na rangi ya biringanya.

Nilitaka kupiga kelele. Mikono yangu, ambayo inabeba magunia ya kabichi, ilibaki juu ya mapaja. Nilisema tu, "Mama," kwa sauti ya kawaida, kama ninayemwomba chumvi.

Mke wangu aliinua macho mara moja, akaacha mchi. Alimvuta mtoto kutoka kwenye kitenge, mikono yake bado ya kijani kwa sombe, akamlaza kwenye mkono wa kushoto. Akampiga unyayo kwa ncha ya kidole. Akamsugua mgongo. "Pumua, papa," alimwambia, kama kwao wanavyomwita mtoto wa kiume. "Pumua, mtoto yangu." Alisema kwa utulivu kabisa, kama anamwamsha mtu aende shule. Akampiga unyayo tena.

Mtoto alijinyoosha, akavuta hewa, akatoa mlio mwembamba wa paka. Rangi ikaanza kurudi, kwanza puani, halafu midomoni.

Dada yangu alikuwa ameziba mdomo kwa shuka lililolowa. Mimi nilikuwa bado kwenye kiti. Kilichonishtua zaidi ni kwamba mke wangu hakuwa ameshtuka.

"Umejuaje?" nilimuuliza.

"Jana alifanya hivi. Na juzi pia."

"Mimi nikiwa wapi?"

"Ukiwa Kalerwe."

"Na hukuniambia?"

Alimfuta mtoto mate kwa ukingo wa kitenge chake. "Wodini walinifundisha kumwamsha. Nikasema labda itaisha. Ningekuambia, ungeturudisha kule." Akatazama upande wa binti yetu, aliyekuwa ameacha maganda na kusimama. "Na yule hajanijua bado. Nikienda tena, nitarudi nimkute ni mtoto wa mtu mwingine. Ndiyo maana ukifika ninakupa huyu. Nilikuwa naogopa siku moja atakataa kuamka, na awe mikononi mwangu, peke yangu."

Kumbe kila nilipokuwa nikishusha viazi na kutaniana na wapishi, mwanamke huyu alikuwa amekaa ndani ya nyumba hii akihesabu pumzi za mtu.

"Tunakwenda sasa hivi," nilisema.

Hakubisha. Alichukua khanga na kofia ya mtoto. Nilipowasha pikapu, binti yetu alianza kulia pale mlangoni. "Mama," aliita. Wanawake wawili waligeuka pamoja, na hakuna kati yetu aliyejua anamwita yupi. Dada yangu ndiye aliyemwinua, akamleta hadi dirishani, akampitisha ndani. "Nendeni naye," alisema. "Akalie na mama yake hukohuko."

Tukaenda wote, mke wangu kidole kwenye unyayo wa mtoto, binti amebanwa katikati. Pale njia ya reli ya Namuwongo magari yalikuwa yamekwama. Nilipiga honi hadi mkono ukauma, na dereva mmoja aliyeshuka kunitukana aliona kilichokuwa mapajani mwa mke wangu, akarudi akawasogeza wenzake.

Hospitalini walimpokea bila maneno mengi. Daktari alisema huenda ni maambukizi yaliyoanza baada ya kufika nyumbani, na kwamba watoto wa namna hii wakipatwa na homa ndogo tu, ubongo husahau kuamrisha pumzi. Nilimuuliza kama nimesikia vizuri, kwamba mtu anaweza kusahau kupumua. Akasema ndiyo. Wakampa dawa za maambukizi, na nyingine ya kumkumbusha, ambayo musawo alisema ni jamii ya kile kilicho ndani ya kahawa. Nilisimama pale nikiwa sielewi nicheke au nilie. Kahawa, kwa mtu wa ukubwa ule.

Safari hii hatukurudia mambo ya mwanzo. Kila alasiri nilimleta binti hadi uwanja wa hospitali, nikaingia mimi wodini na kufungua shati, na mke wangu akatoka kwenda kukaa naye kwenye nyasi. Nilikuwa nawaona kutoka dirishani. Siku za mwanzo binti alikaa mbali naye, akila chapati yake. Baadaye nilimwona amelala kichwa mapajani mwa mama yake, viatu vimemtoka, na mke wangu hasogei hata jua lilipomfika usoni.

Tulirudi nyumbani mvua zilipoanza. Mke wangu siku hizi ananiambia kila kitu, hata mtoto akipiga chafya ananipigia simu nikiwa kwenye mizani ya vitunguu, na mimi napokea. Mwaka umepita na ushee. Juzi yule mtoto alimng'ata dada yake mkononi, wakigombea kifuniko cha sufuria. Niliishika ile alama ya meno nikaitazama muda mrefu, binti akilia, mama yao akiwafokea wote wawili kwa Kiswahili cha Bukavu. Yalikuwa meno makali kweli.