Moja Saba za Domitila

Domitila Orozco alikuwa mshona nguo mjini Juigalpa. Hakuolewa; ndiye aliyebaki kumtunza baba yake, Don Eleuterio, mwalimu wa hesabu aliyestaafu. Mdogo wa Domitila, Rosalba, alikuwa karani Managua, akija mara mbili kwa mwaka na keki mkononi, na siku hizo mzee hakumwona mtu mwingine.

Kitu kimoja tu Domitila alimzidi Rosalba: namba. 1,111,111. Walipokuwa wasichana, mzee aliwauliza: hii ni namba tasa, au ipo inayoigawa bila kubakiza? Rosalba alichoka siku hiyohiyo. Domitila hakuiacha. Ukubwani, kati ya pindo na pindo, aliigawa kwa kila namba tasa, kuanzia 2 hadi 1,051, maana tasa inayofuata ikijizidisha yenyewe inaipita namba hiyo, huna haja ya kuendelea. Migawanyo 177, miaka tisa. Kila mara kilibaki kitu.

"Ni tasa, baba," alisema, na mzee akautangazia mtaa mzima.

Pasaka iliyofuata Rosalba aliliokota daftari la migawanyo hiyo, akawa analipitia huku akinywa pinolillo, kinywaji cha mahindi na kakao.

"Dada, hapa kwenye 239 umeteleza. 1,551 ukitoa 1,434 inabaki 117. Wewe umeandika 127."

"Hebu weka hilo daftari."

"Lakini inagawanyika! 239 mara 4,649! Baba, njoo uone!"

Mzee akaja akijikongoja, akakokotoa kwa kidole mezani, akacheka hadi akakohoa. "Mtoto huyu ana jicho la mwewe!"

Domitila alihisi moyo unamchoma kama pasi. Miaka tisa ya kugawa, na sifa kaokota mleta keki!

"Basi huyo mwewe wako akuogeshe kesho," alisema, akalinyakua daftari, akaenda zake.

Chumbani kwenye cherehani alizidisha mwenyewe, akimwomba Mungu Rosalba awe amekosea. Moja, moja, moja, zikatoka zote saba. Alishika mkasi alikate daftari vipandevipande. Ndipo jicho likatua kwenye 4,649. Na hii je, nayo itavunjika? Aliigawa kwa kila tasa hadi 67. Ikagoma. Akarudia yote upya, akiichunga kila hatua.

Akatoka nje na karatasi. "239 ni tasa. 4,649 nayo ni tasa. Haivunjiki zaidi ya hapo. Hilo kuna aliyeliuliza?"

Mzee alisoma mstari kwa mstari. "Umehakiki?"

"Mara mbili."

"Mimi nisingekumbuka hata kuuliza, dada," alisema Rosalba kwa upole, na upole ule ukamuudhi Domitila kuliko kejeli.

Jumatatu Rosalba akaondoka. Domitila alimwogesha baba yake, akafungua daftari jipya. Namba za moja nane, za moja tisa na za moja kumi zinavunjika upesi, hata mtoto anaona. Akaandika moja mara kumi na moja mfululizo, akaanza kuigawa kwa 3. Safari hii hakumwambia mtu.