Hali Aliyoihifadhi Skolastika

Skolastika wa Buzebazeba hakupenda kuanza jambo upya. Ugali ukishika chini, aliuhamishia sufuria nyingine akaendelea kusonga. Akikatizwa katikati ya habari, aliendelea pale pale alipoachia, hata kama msikilizaji wa kwanza ameshaondoka na mwingine amekaa mahali pake. Nyumbani walimcheka, isipokuwa mama yake, Marsiana. Huyo alivuka ziwa kutoka upande wa Kongo mwaka tisini na sita, amemshika binti huyu mkono, akaanza maisha Ujiji kwa shemeji yake, akayaanza tena kwenye kambi ya wakimbizi, kisha akarudi mjini akayaanza kwa mara nyingine na meza ya dagaa. Mtoto aliyekua akiyaona hayo akiapa kwamba yeye hataanza kitu zaidi ya mara moja, nani wa kumlaumu?

Mwaka 2015 alikuwa na miaka ishirini na mitano, na kazi ambayo kila jirani aliieleza kwa namna yake. Wengine walisema anatengeneza friji, wengine kwamba anacheza kompyuta na kulipwa. Ukweli ulikuwa katikati. Mzee Feliksi, mwenye karakana Katubuka, aliunda friji za chanjo za umeme wa jua kwa ajili ya zahanati za mwambao. Friji hizo hazikuwa na betri. Jua likizama zilizimika, barafu iliyoganda ndani ya kuta zake ikashikilia baridi usiku kucha, na jua likichomoza zilipaswa kuamka zenyewe bila kuguswa na mtu.

Kuamka huko ndiko kulikuwa kazi ya Skolastika. Ndani ya kila friji kuna bodi ya kuiongoza, na ndani ya bodi kuna programu ndogo inayotangulia nyingine zote, ambayo mafundi huiita butiloda. Umeme ukiingia, butiloda ndiyo hufungua macho kwanza. Huamsha saa, huamsha kipima joto, hukagua kama programu kubwa ni nzima, kisha huiachia usukani. Isipofanya hivyo, friji hubaki kabati.

Bodi zenyewe zilikuwa bado njiani kutoka Dar es Salaam, na njia hiyo wanaoijua wanaijua. Kwa hiyo Skolastika alifanya majaribio yake kwenye bodi ya kuigizwa: programu ndani ya kompyuta yake iliyojifanya bodi, na saa yake, kumbukumbu yake na kipima joto chake. Bodi ya namna hiyo ina neema moja ambayo ya kweli haina. Unaweza kuisimamisha popote ilipofika, ukaihifadhi hali yake yote katika faili, na kesho ukairejesha ikaendelea kana kwamba hapakuwa na usiku. Kwa mji ambao umeme wake ulikatika kila ukijisikia, hiyo ilikuwa zawadi. Kwa mtu wa tabia ya Skolastika, ilikuwa ndoa.

Alihifadhi hali pale ambapo saa na kipima joto vimeshaamka, maana sehemu hiyo ya mwanzo ilikuwa na mwendo wa konokono na alishairidhia. Kila jaribio tangu hapo lilianzia hapo. Baadaye aliipanga upya sehemu ya mwanzo ili iwe fupi, na katika kupanga akaangusha mstari unaoamsha kipima joto. Hakuona. Angeonaje? Ni kama kwetu: watu mkishasalimiana asubuhi, mkikutana tena mchana hamrudii salamu zote, mnasema tumeshaonana mkapita. Butiloda mpya ilikuwa inakutana kila siku na kipima joto ambacho butiloda ya zamani ilikwishakiamkia.

Bodi zilipofika zilifungwa kwenye friji tatu, na Mzee Feliksi akaita watu waje kuona. Alizima, akawasha, zikaamka. Programu ya kiwandani iliyokuwamo mwanzoni ilikuwa imekiamsha kipima joto, na dakika chache za kuzimwa hazikutosha kukilaza. Watu walipiga makofi. Skolastika alisimama nyuma amefurahi kuliko alivyoonyesha.

Mwezi wa tano Warundi walianza kumiminika Kagunga, kijiji chembamba kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, mpakani kabisa. Walilala ufukweni hadi pa kukanyaga pakakosekana. Surua ilipoonekana kwa watoto, nesi Elida, mwanamke wa makamo asiye na maneno mengi, aliagizwa kupeleka chanjo, na friji za Feliksi zikachukuliwa. Zilipakiwa ufukweni Kibirizi kwenye boti lililokuwa liondoke kesho yake alfajiri.

Jioni hiyo Skolastika alikuta kaka yake Shukrani amefuta faili kubwa kwenye kompyuta apate nafasi ya filamu. Faili yenyewe ilikuwa ile hali iliyohifadhiwa. Alimsema Shukrani mpaka mama yao akatoka nje. Hasira zilipopoa, alifanya asichokipenda: akaiwasha bodi ya kuigizwa kutoka sifuri, aipitishe mwanzo wote na kuhifadhi tena.

Haikuamka. Butiloda ilikiuliza kipima joto habari, kipima joto kikakaa kimya, na yote yakaishia hapo. Kwanza alidhani kompyuta imechoka. Akarudia. Mara ya tatu aliacha kuilaumu kompyuta, akafungua kazi yake mwenyewe, akaona pengo la mstari mmoja. Hakuogopa kufukuzwa; aliwaona akina mama wamepanga mstari mbele ya friji ambayo asubuhi ya pili ingebaki kabati.

Alikwenda kwa Mzee Feliksi kabla hajala. Mzee alimsikiliza vizuri, kisha akamkumbusha kwamba watu wote waliziona friji zikiamka kwa macho yao. Alisema jambo likishapakiwa botini halishushwi kwa ajili ya shaka, na kwamba karakana ikisemwa vibaya sasa, zahanati nyingine zitawapa kisogo.

“Funika kombe mwanaharamu apite,” alimalizia. “Zikisumbua, tutatuma mtu.”

“Zikisumbua, mzee, tutakuwa tumetuma chanjo iliyooza.”

Feliksi hakumkataza kwenda, wala hakumpa nauli.

Alfajiri Skolastika alikuwa Kibirizi na kompyuta yake mkobani. Alimweleza Elida palepale mchangani, wachukuzi wakipita katikati yao na magunia ya unga. Alitegemea kutukanwa. Elida aliuliza tu kama kosa linatibika, na lini. Skolastika akasema ameshaurudisha mstari uliopotea, na kila bodi inataka muda mfupi mbele ya kompyuta. Basi panda, Elida akamwambia, maana chanjo ilikuwa kwenye makasha ya barafu na barafu haisubiri kikao.

Ziwa lilikuwa tulivu. Mchana walifika, na Skolastika alipoona ufuko wa Kagunga alisita kushuka. Kulikuwa na watu mpaka majini, sufuria juu ya mawe, khanga zimetandazwa kuwa nyumba. Yeye mwenyewe hakukumbuka vizuri alivyofika Tanzania. Mengi alikuwa ameambiwa tu. Alisimama na viatu mkononi hadi mchukuzi mmoja akamwomba apishe.

Kufikia alasiri friji zote tatu zilikuwa na butiloda mpya, paneli zimeelekezwa juani, na baridi inaingia. Jua lilipoanza kuinama nyuma ya ziwa, Elida alikuja akashika mlango wa friji ya kwanza. Ubaridi ulikuwa umefika panapotakiwa. Kwenye makasha barafu ilikuwa imebaki vipande.

“Nihamishe sasa?”

Skolastika alijua maana ya swali hilo. Barafu ya makasha ingefika kesho saa nne, ikijitahidi sana saa tano. Chanjo nyingine ingekuja na treni ya wiki ijayo. Kuhamisha sasa kulionekana busara, na kila mtu aliyekuwa pale alimtazama akingoja aseme ndiyo. Lakini friji hizi hazijawahi kulala usiku mzima zikaamka. Zimewahi kuzimwa na kuwashwa tu, na hilo si jambo moja. Zikikataa asubuhi na chanjo imo ndani, jua la Kagunga lingeiharibu kabla ya barafu nyingine kupatikana.

“Usihamishe,” alisema. “Ziache zilale tupu. Tuone kama zitaamka.”

“Na zisipoamka?”

“Utakuwa na saa chache za kuchanja kutoka kwenye makasha, uliowawahi umewawahi. Ukihamisha zikakataa, hutakuwa na hata hizo, maana makasha yakifunguliwa leo barafu haitafika asubuhi.”

Elida alifunga mlango wa friji. Aliwaita wahudumu, akaamuru makasha yafunikwe magunia yaliyolowa na asiyafungue mtu.

Skolastika hakugusa chochote zaidi. Hapakuwa na hali ya kuhifadhi, wala pa kurudi endapo mambo yangekwenda mrama. Kulikuwa na usiku mmoja, na ulipaswa kupita wote kama usiku upitavyo. Alilala kwenye mkeka wa familia moja kutoka Burundi iliyomsogezea nafasi bila kumuuliza yeye ni nani.

Jua huchelewa kuufikia ufuko ule, kwa kuwa mlima uko mashariki. Mistari ya akina mama ilishajipanga mwanga ulipozigusa paneli. Friji ya kwanza ilikawia kidogo, kisha taa yake ikawaka na namba ya joto ikatokea. Ya pili ikafuata. Ya tatu ilichelewa, kwa sababu paneli yake ilikuwa kivulini, na Elida aliyekuwa ameshaanza kuvua glavu akazivaa tena ilipoamka. Alihamisha chanjo kasha kwa kasha, akamwita mama wa kwanza.

Simu ya Mzee Feliksi iliingia wakati huo, sauti ikikatikakatika kwa sababu ya mnara wa ng'ambo. Alikuwa ameshapigiwa na watu wa boti waliolala hapo ufukweni, kwamba zimeamka. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepona, na ya haraka. Alitaka kuwaandikia wenye zahanati nyingine siku hiyo hiyo kwamba friji zimekamilika, hazina neno tena.

Skolastika alimtazama mtoto aliyekuwa akilia begani kwa mama yake, pamba imegandamizwa mkononi.

“Zimeamka leo, mzee,” alisema. “Kesho asubuhi niulize tena.”