Viatu Namba Thelathini na Saba

Mwenzenu nina wivu. Nalisema mapema, asije mtu akadai nilijificha. Ninamwonea wivu msichana wa miaka ishirini na sita ambaye hajanikosea hata chembe, na yote yalianzia kwenye viatu.

Mimi ni mkereza vyuma. Nasimama kwenye mashine inayozungusha kipande cha chuma huku kisu kikikichonga mpaka kiwe kile mteja anachotaka. Nimesimama hapo miaka thelathini na moja, mwanamke wa kwanza kushika mashine katika karakana yetu. Nilipoanza, viatu vya kazi vilianzia namba arobaini na mbili. Mguu wangu ni thelathini na saba! Nilisokomeza matambara mbele, nikatembea kama bata, wanaume wakacheka hadi kushika mbavu. Choo cha wanawake hakikuwepo. Nilikuwa navuka barabara kwenda kuomba kwa fundi cherehani, na siku akifunga duka, shauri yangu. Niliandika barua kumi na moja. Ya kumi na moja ikajibiwa kwamba suala langu linashughulikiwa. Likashughulikiwa miaka sita, ndipo choo kikajengwa.

Sasa huyu msichana anaingia siku yake ya kwanza, karani wa stoo anamwuliza, "Dada, unavaa namba ngapi?" Anasema thelathini na saba. Anapewa boksi lenye viatu vipya namba hiyohiyo. Wala hakushangaa! Alifunga kamba, akaenda zake akipiga mluzi, akapitia chooni. Choo changu! Roho iliniuma nikashindwa hata kunywa chai.

Tulimbandika jina la Cheti, maana alikuja na cheti cha chuo cha ufundi, na mkono wake ni mwepesi kweli, siwezi kumnyima haki yake. Mimi aliniita mama. "Shikamoo mama, umeamkaje?" Kila asubuhi, na tabasamu juu. Naitikia marahaba huku macho yangu yako kwenye viatu vyake.

Siku moja wakati wa chakula akaanza kutueleza mambo aliyoyasikia kwenye semina. Eti harakati za wanawake zimekwenda kwa mawimbi: wa kwanza walidai kupiga kura, wa pili wakadai kazi na haki sawa kazini, halafu wengine na wengine.

"Mimi je, wimbi gani?" nikamwuliza.

"Wewe wa pili, mama. Sisi tumekuja juu yenu."

"Juu yetu! Mnatukanyaga?"

Watu wakacheka. Yeye akasema, "Hapana, mama, nyie ndio mmetubeba." Maneno matamu, lakini sikuyameza. Aliyebeba anachoka, jamani, na aliyebebwa anawahi kufika.

Tena, kama mimi ni wa pili, hapa kwetu wa kwanza alikuwa nani? Nikamkumbuka Bi Ufagio, ambaye sikuwa nimemkumbuka siku nyingi.

Bi Ufagio alikuwa mfagiaji wa karakana hii kabla mimi sijazaliwa. Mashine ikianza kuugua, yeye aliijua kwa sikio kabla ya mafundi. Aliwahi kukusanya wafagiaji wenzake wakaweka dole gumba kwenye barua moja, waombe kufundishwa kukereza. Waliambiwa wangoje. Ruhusa ilipokuja, miaka kumi na minne baadaye, ilitaka mwanamke asiyezidi miaka ishirini na mitano. Nikachukuliwa mimi. Yule mama alinichukia wazi, hakuficha. Alifagia karakana nzima akaacha duara la vumbi kuizunguka mashine yangu. Mimi nikamwona mama mwenye kijicho tu.

Sasa nieleze kuhusu ufunguo. Chuma hubanwa kwenye kichwa cha mashine kwa ufunguo mzito wenye mpini wa kupinda. Ukimaliza kubana, unauchomoa kabla mkono haujauachia. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya kazi yetu. Ukiusahau kichwani ukawasha mashine, unaruka kama risasi, na uso wako ndio uko karibu. Mwezi wangu wa pili niliusahau. Mkono ulikuwa unakwenda kwenye swichi Bi Ufagio alipopiga kelele, "Ufunguo!" na kunirushia ufagio mkononi. Hata kufikiri hakufikiri. Na mimi, kwa aibu ya kuokolewa na mfagiaji mbele ya wanaume, nilimwambia afagie yanayomhusu. Alikufa sijamwambia asante.

Mwaka huu msimamizi wa karakana alistaafu. Tulioomba nafasi yake na kufika mwisho tulikuwa wawili, mimi na Cheti. Meneja angetangaza Jumatatu. Nilikitaka kile cheo, nasema kweli. Miaka thelathini na moja nimeitwa wewe, mama, bibie, na shangazi. Nilitaka niitwe Msimamizi, hata kama ni kwa miaka minne tu iliyobaki.

Alhamisi Cheti alikuwa anabana chuma, mteja akamwita mlangoni. Akaenda. Ufunguo ukabaki kichwani. Mimi niko mashine ya mbele yake, nauona kabisa. Akarudi, akashusha miwani, akanyoosha mkono.

Moja.

Nilijua ni nini kingetokea.

Mbili.

Nikawaza Jumatatu. Mungu anisamehe, niliwaza Jumatatu.

Tatu.

"Ufunguo!"

Kidole chake kilikuwa juu ya swichi. Akauona, akakaa chini sakafuni. Halafu akaja kunikumbatia, analia, "Asante mama, asante mama," mbele ya kila mtu. Siku hiyohiyo akaenda kumweleza meneja kosa lake mwenyewe na nani aliyemwokoa.

Jumatatu meneja akanitangaza mimi. Akasema karakana inataka mtu mwenye macho kama yangu. Aliyepiga makofi zaidi ni Cheti. Nikashindwa kuvumilia. Watu walipotawanyika nikamwita pembeni.

"Ule ufunguo niliuona mapema," nikamwambia. "Tangu ulipokwenda mlangoni. Mkono wako ukienda kwenye swichi, nilihesabu hadi tatu."

Akanitazama. "Nilikuona umenikazia macho. Nikajua unaangalia viatu vyangu, kama siku zote."

Kumbe alijua!

"Tatu?" akauliza.

"Tatu."

Akatikisa kichwa taratibu, akarudi kwenye mashine yake, akauchukua ufunguo akautia mfukoni.

Bi Ufagio alikuwa na haki ya kunionea wivu mara mia kuliko mimi kumwonea huyu mtoto, na yeye hakuhesabu hata moja.

Sasa nina funguo za ofisi, na mimi pia hatimaye nimeletewa viatu namba thelathini na saba. Kila asubuhi Cheti anapita mlangoni kwangu, ananiamkia kwa adabu, kazi anafanya vizuri, hakuna alipopunguza. Ila "mama" hajaniita tena.

"Shikamoo, Msimamizi," anasema.