Gauni la Njano katika Nyumba ya Mchoraji

Harufu ya tapentaini hunishika popote ilipo. Juzi, pale Muhima, fundi alikuwa anapaka rangi kibao cha duka, nami nikasahau nilikokuwa nakwenda. Msinicheke, niliacha shule mapema na tangu hapo sijatulia mahali. Ghafla nilikuwa tena na miaka tisa, miguu peku kwenye sakafu baridi ya nyumba ya mchoraji.

Ilikuwa makumbusho ya vyumba vitatu tu, huko juu Nyamirambo. Mchoraji alikwisha kufa, na mpwa wake, mzee aliyetembea na soksi, ndiye aliyeonyesha wageni picha. Viatu viliachwa mlangoni, kwa sababu, alisema, hii bado ni nyumba ya watu. Brashi za marehemu zilisimama ndani ya kopo la maziwa ya unga, zimekauka kama vijiti.

Mama, fundi cherehani, alikuwa amenishonea gauni la njano na kunifunga kitambaa kichwani, sawasawa na mwanamke wa picha ya sebuleni aliyekuwa akipepeta mtama. Alisema yule ni dada yake, mama yangu mkubwa, aliyeuawa kabla sijazaliwa. Nyumbani hatukuwa na picha yake hata moja. Mama aliomba mara nyingi apige picha ule mchoro, lakini ruhusa ilikuwa ya ndugu wa waliochorwa tu, na mzee hakusadiki.

"Mama, wewe ni wa nne," alimwambia. "Kila mtu anaona wake hapa."

Basi siku hiyo ushahidi ulikuwa mimi.

"Mzee, angalia huyu mtoto. Pua ile ile, paji lile lile. Utakataa tena?"

Mzee akavaa miwani. Akanitazama, akatazama ukuta, akanirudia. Nilichoka kusimama, macho yangu yakaanza kuzurura.

"Mama! Mama mkubwa iko na kule! Yule wa maziwa. Na bibi harusi. Na huyu baba wa ng'ombe pia!"

Nilidhani nimesaidia. Mzee alivua miwani, akaifuta kwa shati muda mrefu.

"Mjomba alijua kuchora uso mmoja tu," alisema, kama anayeomba radhi.

"Vaa viatu," Mama aliniambia.

Hatukurudi tena. Gauni lilikatwa likawa foronya.

Kwa miaka mingi nilijiona mwerevu. Lakini Mama alikuwa mtu wa kukupima kwa macho na kukushonea blauzi isiyokosea hata kidogo. Angekosaje kuona kwamba nyuso zile zilifanana? Aliona, tangu siku ya kwanza. Sura ya dada yake ilikuwa inamtoka akilini, akachagua ile ya ukutani ili asibaki bila kitu. Nami nikamnyang'anya.

Mama hayupo sasa. Kutoka Muhima nilipanda moja kwa moja Nyamirambo. Msichana mgeni kwangu alikuwa amekaa mlangoni. Aliona simu mkononi mwangu.

"Dada, kupiga picha hapana. Ni ndugu tu."

"Mimi ni ndugu," nikasema, nikavua viatu.