Mkaa Aliokunywa Shangazi

Nakumbuka siku moja ya likizo, mwanangu, nikisukuma baiskeli kwenye mawe ya Kipatimu kuelekea hospitali ya misheni. Shangazi yangu Skolastika alikuwa amekaa nyuma kwenye keria, amening'ang'ania shati, akilalamika kwamba masikio yanamvuma kama mashine ya kusaga. Sijawa mzee wa kustahili kutoa nasaha, lakini mvi hazikusubiri ruhusa yangu, na mwenye mvi akinyamaza watu hudhani anaumwa.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali ilipoanza kuwaachia watu binafsi biashara. Kabla yake kidonge cha malaria tulikijua kimoja tu, cheupe, kichungu, kinatoka zahanati kimefungwa kwenye kipande cha gazeti. Biashara ilipofunguliwa, maduka ya Nangurukuru yakajaa pakiti za kila rangi. Shangazi, akiwa na homa, alinunua pakiti nyekundu duka moja na ya kijani duka la pili. Alipofika nyumbani akameza dozi zote mbili kwa mkupuo, akaongeza na vidonge vya ziada ili homa ishike adabu. Mimi, mwanafunzi wa kemia chuo kikuu, niliziona pakiti mezani, nikasoma maandishi madogo. Klorokwini. Na ile nyingine? Klorokwini.

Daktari alikuwa mama wa makamo asiyependa hadithi ndefu.

“Umemeza saa ngapi, mama?”

“Sasa hivi tu, ndipo huyu akanipakia kama gunia. Kwani vibaya? Ya kijani niliambiwa ni kiboko.”

“Zote mbili ni dawa moja. Kidogo hutibu, nyingi husimamisha moyo.”

Shangazi akajishika kifua. Hapo ndipo nilipoogopa.

Daktari alikoroga unga mweusi ndani ya bakuli la maji.

“Mkaa?” Shangazi akarudi nyuma. “Nimekuwa jiko mimi?”

Basi elimu ikanipanda kichwani. Nikaanza kumweleza kwamba mkaa wa namna hii huweza kutengenezwa kwa vifuu vya nazi: huchomwa bila hewa, kisha hupitishiwa mvuke wa moto mkali hadi ndani yake kufunguke vitundu visivyoonekana kwa jicho. Unywele mmoja mbele ya kitundu hicho ni mlima mbele ya siafu. Ukizikunjua kuta zote zilizomo katika kijiko kimoja, utatandika uwanja wa mpira, na sumu inayopita hunasa kwenye kuta hizo...

“We mtoto, hadithi utanimalizia kaburini? Shika bakuli!”

Nikashika bakuli. Akanywa mpaka meno yakawa meusi, akatundikiwa dripu, na daktari akakaa amemshika kifundo cha mkono. Niliyatazama macho ya daktari, maana mapigo ya shangazi nilikuwa nayasoma humo: yanakwenda, yanasita, yanakwenda. Mchana ulipoinama, daktari aliachia ule mkono, akatabasamu kwa mara ya kwanza.

“Na msije mkamnywesha mtu mkaa wa jikoni,” alituonya. “Ule haukufunguliwa vitundu. Mtu akizidisha dawa, mleteni hapa, na mbio.”

Kesho yake shangazi alikunywa uji, akanigeukia.

“Haya, ule mkaa wako. Hayo matundu alichimba nani?”

“Hakuna aliyechimba, shangazi. Moto na mvuke vilikula vilivyokuwamo.”

“Kwa hiyo kilichoninusuru ni mahali pasipo na kitu?”

“Ndivyo hasa, shangazi,” nikamwambia. Akafanya ishara ya msalaba, akatikisa kichwa kwa muda mrefu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilikuwa nimeona uhai wa mtu ukishikwa na nyufa.

Kisha akanitazama. “Sasa wewe mbona umejaa hivyo? Tangu urudi likizo unanifundisha tu. Hujaniuliza hata homa ilinianza lini.”

Mwanangu, siku hizi wataalamu huzipanga chembe za sabuni safu kwa safu, hujenga kuta za madini ya mchanga kuzizunguka, halafu huichoma sabuni ipotee, ibaki nyumba ya vyumba vitupu. Humo wanajaribu kupakia dawa itakayotoka polepole, pale pale penye ugonjwa. Kila ninaposoma habari hizo mwili hunisisimka, na kila mara nasikia sauti ya shangazi.

Basi nasaha zangu ni hizi. Usiiamini rangi ya pakiti; uliza kilichomo, kuuliza si ujinga. Ukijaliwa elimu, shika bakuli kwanza, ueleze baadaye. Na usijijaze hadi pomoni. Debe tupu huvuma, ni kweli, lakini lililojaa halipokei hata tone. Acha ndani yako nafasi ya maneno ya mwenzako. Mungu akupe akili ya kutafuta, mikono isiyochelewa, na moyo usiochoka kuyastaajabia madogo aliyoyaumba. Amina.