Dawa ya Kichina, chafya zangu na ng'ombe wa baba mkwe

Wakuu, poleni na majukumu. Huku Tukuyu mvua haijakata tangu asubuhi, kwa hiyo nina muda. Haya yamenipata mwenyewe, siongezi chumvi.

Mimi ni mwalimu, mzaliwa wa Singida, nimeolewa na Mnyakyusa wa Mpuguso. Tunaishi kwa wakwe.

Tangu nifike, aleji ya pua ilininyanyasa. Kila asubuhi chafya mfululizo, macho yanawasha, pua bomba. Wanafunzi walishazoea kuniambia "pole madam" hata kabla sijapiga.

Nikaandika barua ya kuomba uhamisho. Roho iliniuma, maana wakwe wananipenda.

Shoga yangu wa Mbeya akaniletea dawa ya mitishamba ya Kichina, unga wa kukoroga kwenye maji moto. Chungu balaa! Wiki mbili tu, chafya kwisha. Staff room nzima niliipigia debe.

Nikamsimulia daktari. Akacheka.

"Mwalimu, tafiti zipo, na wapo wanaopata nafuu. Ila nyingi ni ndogo, ushahidi haujatosha. Hakuna kingine ulichobadilisha nyumbani?"

"Hakuna," nikajibu kwa kujiamini.

Dawa ikaisha. Chafya hazikurudi. Nikashangaa.

Jumapili moja tukaenda kwa shemeji, Masoko. Kufika uani tu, chafya kama zamani! Kuangalia bandani, namwona ng'ombe wa baba mkwe, yule aliyekuwa analala nyuma ya dirisha langu.

Mtaniuliza, hukujua kama kahamishwa? Wakuu, kwa mila za huku baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani uso kwa uso wala hawaongei. Wengi wameacha, ila mzee wangu ni wa zamani. Nyuma ya nyumba ni upande wake, sikanyagi, na dirisha la huko sifungui tusije tukaonana. Nikisikia kikohozi chake, najificha kwenye migomba. Msinicheke.

Nikamuuliza mama mkwe.

"Mwanangu, baba yako alikuwa anakusikiliza. Kila akimwekea ng'ombe majani makavu, wewe chafya. Aliposikia unataka kuhama, akampeleka Masoko. Akasema, 'Ng'ombe atalala popote, ila mkwe huyu akiondoka nitampata wapi mwingine?'"

Na kila Jumamosi mzee anatembea mpaka Masoko kumwona ng'ombe wake.

Nililia, wakuu. Uhamisho nikaufuta.

Jana nikasikia kikohozi, nikaingia migombani. Ila safari hii nikapaza sauti, "Ndaga fijo, tata!" Yaani asante sana, baba.

Hatua zikasimama. Hakujibu, mila ni mila. Akapiga chafya moja ya uongo, kubwa, halafu akaendelea na njia yake.

Dawa siitukani, huenda nayo ilisaidia kidogo. Nilichojifunza ni kwamba ukipona, usikimbilie kuisifia dawa. Angalia kwanza nini kimebadilika hapo nyumbani.

Karibuni mchangie. Wewe nani alikuhamishia ng'ombe wake kimya kimya?