Dakika Sita za Kutembea

Siku yangu ya kwanza kama muuguzi katika hospitali ya Kasongo, Daktari Mkurugenzi hakunionyesha sindano wala dawa. Alinipeleka kwenye barza, ile veranda ndefu ya wodi, akanipa saa na kamba ya kupimia, akaniambia nipime mita thelathini na kuweka alama kila mwisho.

Hapo nilijifunza kipimo cha matembezi. Mgonjwa mwenye moyo dhaifu, yaani moyo usiosukuma damu vya kutosha hadi miguu inavimba na pumzi inakatika, hutembea kwenda na kurudi kwa dakika sita. Akichoka anasimama, lakini saa inaendelea. Mwishoni tunahesabu mita. Anayefika mbali ana matumaini zaidi. Ambaye mita zake zinapungua kila akipimwa, huyo ni wa kuogopea. Mpimaji hatembei kando ya mgonjwa, maana atamvuta aende mwendo usio wake.

"Ile namba haiko hukumu," Daktari aliniambia. "Inatuonyesha mutu gani tumuchunge zaidi. Na mwenyewe umwambie."

Hilo la mwisho sikulishika.

Miaka ilipopita nikahamishiwa Kabambare, kuwa titileri, yaani muuguzi mkuu wa kituo cha afya. Huko hakuna mwingine aliyekijua kipimo hicho. Wachimbaji wa Salamabila waliletwa kwa pikipiki, wakulima wa Lusangi walikuja polepole kwa miguu, nami nikaandika mita zao kwenye daftari. Nilirudi nyumbani na namba za watu kichwani, sina wa kuzungumza naye.

Kisha mke wangu, Mama Amisa, akaanza kuvimba miguu baada ya uzazi wetu wa mwisho. Kasongo walithibitisha ni moyo, wakampa vidonge. Kipimo nilimfanyia mwenyewe. Nilisimama mwisho wa barza, saa mkononi, nikimtazama akijishika ukutani, na kumsogelea siruhusiwi. Baada ya miezi mitatu nikampima tena. Mita zilikuwa zimepungua karibu nusu.

Aliniuliza amefikisha ngapi. Nikamwambia ni kama zile za kwanza.

Tangu hapo tukaishi nyumba moja kama wageni. Yeye alizungumzia shamba la mihogo la msimu ujao, mimi nikaitikia tu. Nilimrudisha Kasongo, wakaongeza dawa, hazikusaidia sana. Wiki yake ya mwisho, nilipokuwa nikimwekea mto mgongoni apate kupumua, alinishika mkono.

"Baba Amisa, nilihesabu mwenyewe, mara zote mbili," akasema. "Nilikuwa nakungojea wewe useme."

Sasa nimestaafu, naishi peke yangu Kasongo. Wauguzi vijana wakija kuniuliza, nawaonyesha kamba inavyovutwa na alama zinavyowekwa. Halafu nawaambia: dakika zikiisha, keti karibu na mgonjwa, umwambie mita zake. Mimi, tangu kipimo cha pili hadi alipofariki, nilipewa miezi mitano ya kukaa karibu na mke wangu, nikakaa mbali.